Kuishi na Vali Bandia Gumbo

Hapa Melbourne, mtu akishafanyiwa upasuaji wa moyo huandikishwa darasa la mazoezi. Kuna muuguzi, kuna mtaalamu wa viungo, kuna wa lishe. Nimewasindikiza wazee wa jumuiya yetu huko na nimewaona wakirudiwa na nguvu. Tatizo ni pale tunapochukua ushauri wa darasa lile na kumpigia simu dada yangu aliyeko Gumbo, Juba, nyumbani Sudan Kusini: punguza mafuta, tembea kila siku. Dada yangu anatembea kuliko sisi sote.

Moyo wake haukuharibiwa na mafuta. Kama vijana wengi wa kwetu, aliugua koo utotoni, halikutibiwa, ikafuata homa ya baridi yabisi iliyokula vali. Alifanyiwa upasuaji Khartoum, kwenye Kituo cha Salam, ambacho shirika la Kiitalia la Emergency lilikifungua mwaka 2007 na ambako mgonjwa halipi. Tangu hapo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na atameza maisha yake yote. Damu yake lazima ipimwe INR, yaani jinsi inavyochelewa kuganda, na kipimo kibaki kati ya 2 na 3.5 kulingana na vali aliyowekewa. Ikishuka, bonge la damu laweza kuziba vali au kwenda ubongoni. Ikipanda mno, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Hapa kipimo hicho ni tone moja la kidoleni, na jibu hutoka palepale. Yeye hupanda bodaboda, huvuka Daraja la Uhuru lililofunguliwa mwaka 2022, hutafuta maabara mjini yenye kemikali siku hiyo, na hulipa. Madaktari waliomjua walikuwa Khartoum, na Aprili 2023 vita vililipuka huko.

Kuna aliyemwambia aache kabisa mboga za majani kwa sababu zinapunguza nguvu ya warfarini. Ni kweli zinapunguza, lakini mtu wa Gumbo ataishije bila kudra? Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, dozi ipangwe kufuata chungu chake. Taabu huja misimu inapobadilika: mvua ikinyesha kudra tele, kiangazi ikiadimika, na INR hupanda. Hatari kubwa zaidi iko duka la dawa. Metronidazoli na kotrimoksazoli, zinazonunuliwa kama peremende tumbo likiuma, huipandisha INR vibaya. Kabla ya kumeza chochote, amwambie muuzaji kwamba anatumia warfarini.

Kuna jambo ambalo nyumbani wametushinda. Mfupa wa kifua ukishapasuliwa huhitaji takriban wiki 12 kuunga, na jerikeni la lita 20 ni kilo 20. Wanawake wa uani kwake walimchotea maji muda wote huo, wakamkataza hata kusonga asida. Huku nimemwona mzee mjane akirudi kutoka hospitali, akapasha chakula chake peke yake.

Kama tunataka kuiga Australia, tuiache Melbourne, tutazame vijiji vya Northern Territory, ambako watoto wa wenyeji wa asili bado wanaugua homa hiyohiyo. Huko kuna rejista ya wagonjwa. Sindano ya penisilini ya kuzuia homa isirudi huchomwa kila siku 28, na asiyekuja hufuatwa alipo. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji daftari, na muuguzi mwenye posho ya usafiri.

Kwa mtindo huohuo, mchango wa jumuiya yetu mwaka huu naomba uende nyumbani: mashine moja ndogo ya kupima INR kwenye zahanati ya upande wa Gumbo, pamoja na vibanzi vyake. Vibanzi haviruhusiwi kupita nyuzi 30, na joto la Juba mwezi wa Februari hupita hapo mbali, kwa hiyo tuhesabu na friji ndogo ya sola. Siku ya kupima iwe moja, ijulikane, kama siku ya kliniki ya watoto.