Amani wa Kiume, Amani wa Kike

Nilipokuwa mtoto Ngamiani, Tanga, miaka ya 1970, Amani alikuwa mwanamume. Mmoja alikuwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mwingine kuli wa bandarini, rafiki wa baba. Hata Amani aliyejulikana kuliko wote pwani hii, Amani Abeid Karume, aliyekuja kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2000, ni mwanamume. Msichana mwenye jina hilo sikuwa nimemwona.

Si kwamba wazee wetu walikosa njia ya kumpa binti jina la kaka yake. Walikuwa nayo, tena nzuri: Juma na Mwanajuma, Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi. Shangazi zangu karibu wote walikuwa kina Mwana. Juu ya hapo palikuwa na bin na binti, kama alivyoitwa Siti binti Saad, kwa hiyo jina likisomwa kamili hakuna aliyeuliza anayeitwa ni mume au mke. Halafu shuleni na kwenye fomu za serikali jina la baba likaanza kufuata moja kwa moja, bin na binti zikaachwa. Na kina mama vijana wa miaka ya 1980 wakayaona majina ya Mwana kuwa ya kizee. Nayasikitikia mpaka leo, maana yalikuwa yetu hasa, lakini nadhani bila kuachwa kwake Amani asingefika kwa wasichana.

Amani wa kwanza wa kike nilimwona Muheza, kwa upande wa mama. Sisi Wabondei tuna misheni ya Waanglikana ya Magila tangu karne ya 19, kwa hiyo katika ukoo mmoja huyu anaswali Ijumaa, ndugu yake anakwenda kanisani Jumapili. Jina la mjukuu katika nyumba kama hiyo hutafutwa kwa siku kadhaa. Ukisema Mwanahawa, upande mmoja unanyamaza. Ukisema Agnes, unanyamaza mwingine. Na juu milimani, Usambara Mashariki, ndani ya wilaya hiyohiyo, kuna Amani penyewe, mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Binamu yangu alijifungulia huko. Mtoto akaitwa Amani, na babu zake wote wawili wakaridhika.

Baadaye wakawa wengi. Redio nazo zikampiga sana Amani wa Kenya, yule mwimbaji ambaye jina lake la kuzaliwa ni Cecilia Wairimu, aliyeshinda tuzo ya MTV Afrika ya mwimbaji bora wa kike mwaka 2009. Mpwa wangu alisema wazi kwamba binti yake kampa jina la msanii huyo.

Ubishi uliobaki ni wa matamshi. Sisi wa Tanga tunakaza “ma” na kulimaliza jina kwa wepesi. Neno la Kiarabu ni amaan, na ndivyo ulivyoandikwa uwanja wa Amaan wa Unguja, uliofunguliwa 1970. Kiswahili kiliongeza i mwishoni, uzito ukabaki palepale. Lakini Uarabuni kuna Amaanii pia, jina la kike lenye maana ya matumaini na matamanio, na ndugu zetu wanaorudi kutoka Muscat wanalivuta “maa” na “nii” mpaka unadhani ni jina jingine. Kwa kweli ni jina jingine. Yamekutana kwetu tu.

Kwenye akika ya mjukuu wa dada yangu tulibishana hadi pilau ikapoa. Baba mtu, mfanyakazi wa Oman, alitaka cheti cha kuzaliwa kiandikwe Amaani. Mimi nilishika a moja, na bado nimeishika: hakuna Mtanga anayehitaji kuelekezwa mkazo wa jina hilo. Cheti kilitoka na a mbili. Sasa wanatarajia mwingine, hawajui wa kike au wa kiume, na mama yake ameshachagua Nuru. Baba anataka liandikwe Noor.