Alitaka Wote Wawili, Akaishia Kufungwa Kitandani

Kuna jamaa mmoja fundi simu, ana fremu yake ndogo Kariakoo, anakaa Tandika chumba na sebule. Mwaka jana alinunua PlayStation 4 ya mtumba kwa mteja wake aliyekuwa amebanwa na kodi ya nyumba. Washikaji wote mtaani walijua ataweka mpira, maana ndiyo gemu ya watu. Yeye akaja na The Witcher 3. Wakamcheka sana. "Mwanangu, sasa hii mpinzani wako ni nani? Unacheza peke yako na mapepo?"

Kwa wasioijua, ni gemu iliyotengenezwa Poland na kampuni ya CD Projekt Red, ikatoka Mei 2015. Hadithi yake imetokana na vitabu vya mwandishi wa hukohuko Poland, Andrzej Sapkowski. Unakuwa mtu anaitwa Geralt, kazi yake kuua madubwana kwa malipo. Ila siyo kupigana tu. Watu wanaongea na wewe, na wakishaongea yanatokea majibu mawili matatu, unachagua la kumjibu. Ukishachagua hadithi inafuata hapo, na kuna jibu dogo tu linakuja kukukuta baada ya masaa kumi ya kucheza umeshalisahau.

Humo ndani kuna wanawake wawili, wote wachawi, wote wazuri, wote wana historia na Geralt. Triss ni mcheshi, ana moyo laini, ndiye aliyekuwa na Geralt kipindi jamaa kapoteza kumbukumbu. Yennefer ni yule wa zamani, mkali, habembelezi mtu, lakini ndiye anayemjua Geralt ndani nje.

Hapo ndipo fundi wetu alipoanza kutokwa na jasho, maana na yeye maishani alikuwa na wawili.

Wa kwanza mchumba wake, mwalimu wa chekechea Mbagala. Wametoka mbali, tangu Morogoro, tangu jamaa hana hata bisibisi ya kwake. Ni dada wa kusema ukweli hata kama unauma, na kwao walishauliza mara mbili barua ya posa inakuja lini. Wa pili ni jirani wa fremu, binti anauza vipodozi, kicheko muda wote, chai ya saa nne anamletea mezani bila kuombwa. Kila mmoja alishaambiwa "nakupenda". Mbaya zaidi, kila mmoja aliambiwa na jamaa akiwa anamaanisha.

Kwenye gemu akafanya yaleyale. Bandarini Novigrad, Triss anataka kuondoka na meli kwenda Kovir. Pale unachagua, umwache aende au umwambie unampenda. Jamaa akabonyeza anampenda, Triss akabaki. Siku zikapita, akafika visiwa vya Skellige akakutana na Yennefer. Huyu naye ana jambo lake. Zamani Geralt aliomba ombi kwa jini, na ombi lile likayafunga maisha yao pamoja. Yennefer anataka atafutwe jini mwingine alivunje, ili ajue kama kweli wanapendana au miaka yote ulikuwa uchawi tu. Uchawi ukivunjika, Geralt anatakiwa aseme moyoni mwake kumebaki nini. Jamaa hakufikiria mara mbili, akabonyeza bado anampenda.

Akawa anajiona mjanja. Mambo yakazidi kunoga pale Triss na Yennefer walipomwalika wote wawili kwa pamoja, chumbani. Jamaa akaita washikaji waje washuhudie. Sebule ikajaa. Mchumba wake naye alikuwepo siku hiyo, kakaa pembeni anasahihisha madaftari ya watoto. Kwenye kioo mvinyo upo, nguo zinapungua, washikaji wanapiga makofi. Mara paap, pingu! Geralt kafungwa kitandani, wale wanawake wanamwambia vipande vyake na kuondoka zao. Rafiki yake Dandelion ndiye anakuja kumkuta kwenye aibu ile. Na tangu hapo hana Triss, hana Yennefer.

Sebule nzima ilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Mchumba alicheka kidogo tu, akarudi kwenye madaftari.

Washikaji walipoondoka jamaa akashika tena rimoti, akarudi sehemu aliyokuwa amesevu, kabla ya kule bandarini. Mchumba akamwangalia.

"Kumbe ukiharibu unarudi nyuma?"

"Ndiyo, kama ulisevu."

"Hata mimi kwenye lile shamba langu la kwenye simu kuna hivyo," akasema. Alimaanisha Stardew Valley, jamaa mwenyewe ndiye aliyemuwekea. "Unampa mtu zawadi, moyo unapanda. Ukimchoka unalipa 50,000 unaachana naye. Ukiona anakununia sana unalipa tena 30,000 anasahau kwamba mlioana. Ila angalau kwangu kuna malipo."

Jamaa akacheka. Yeye hakucheka.

"Haya, safari hii unamchagua nani?"

"Yennefer."

"Kwa nini?"

Hapo kwenye kioo hapakutokea majibu ya kuchagua. Jamaa akabaki anazungusha rimoti mkononi.

"Na Triss utamwambiaje?"

Kimya. Mchumba akafunga daftari la mwisho, akayapanga yote kwenye mkoba wake taratibu. "Jumanne nilipita fremuni kwako hukuwepo. Jirani yako akanikaribisha chai. Ni dada mzuri, mkarimu sana. Akanionyesha na picha ya mchumba wake fundi simu." Akavaa viatu. "Hatukugombana. Tuliongea mpaka chai ikapoa."

Akaondoka zake. Hakukuwa na pingu wala mvinyo. Mlango ulifungwa kawaida tu, kama siku zote.

Kesho yake Kariakoo hakuna chai ya saa nne. Binti wa vipodozi alikuwa na wateja wake, kicheko kilekile, ila hakikuelekezwa fremu ya pili.

Watu wengi wanaocheza hizi gemu za mapenzi wanadhani uhuru wa mchezaji maana yake ni kwamba wale wanawake wamepangwa kama vitu vya dukani, wewe ni kunyoosha kidole. Na gemu nyingi zinakulea hivyohivyo. Unasema maneno matamu, unatoa zawadi, mtu anakuwa wako. Lakini wale jamaa wa Poland walifanya kitu kimoja cha maana sana. Ukimchagua Triss hawakuadhibu. Ukimchagua Yennefer hawakuadhibu. Hata ukibaki peke yako ni sawa. Wanaokukamata ni pale unapowaambia wote wawili maneno yaleyale, na hapo uamuzi unahama kutoka mkononi kwako. Wale wanawake wanakaa pamoja, wanaongea, wanachagua wao. Ile siyo komedi ya pingu tu kama washikaji walivyodhani. Ni dakika chache ambazo gemu inakukumbusha kwamba upande wa pili nako kuna mtu.

Jamaa aliimaliza gemu. Safari hii alimchagua Yennefer peke yake, na mwisho wake ukawa ule wa amani, wawili wametulia zao mbali na vurugu. Anasema aliangalia mpaka majina ya watengenezaji yakaisha kupita, halafu akazima.

Usiku huo akamwandikia mchumba meseji. Alifuta mara nyingi kabla ya kutuma, mwisho ikabaki mistari miwili. Kwamba ameshaacha mambo yote ya pembeni, kwamba barua ya posa ameshaandika. "Nimekuchagua wewe."

Jibu lilikuja asubuhi, wakati anafungua fremu.

"Na mimi nani kaniuliza?"

Mpaka leo hajajibu. Anaifungua, anaisoma, anairudisha simu mfukoni, anaendelea na kioo cha mteja.

Mdau, ungekuwa wewe ungemjibu nini?