Damu ya Mwezini

Kiswahili hakikosi maneno ya kutajia mambo ya siri, lakini kina adabu ya kuyafunika. Mwanamke hasemwi kuwa anatokwa na damu. Husemwa kuwa yumo mwezini, au yumo katika siku zake, na wenye kupenda lugha ya vitabu husema yumo katika hedhi. Kitambaa chake kina jina, nalo ni sodo, walakini jina hilo hutajwa kwa sauti ya chini baina ya kungwi na mwari. Maumivu yafuatanayo na siku hizo huitwa chango, na chango ni neno pana kama kikapu cha sokoni: ndani yake mna msokoto wa tumbo upitao kwa siku moja, mna utasa, na mna maradhi ambayo yamkini yakamlaza mtu kitandani kila mwezi kwa miaka ishirini. Adabu hii ni njema barazani. Katika elimu ya tiba imekuwa na gharama kubwa, wala gharama hiyo haikulipwa na Waswahili peke yao.

Maradhi hayo yanayojificha ndani ya kikapu, watabibu wayaita endometriosisi. Chembe zinazofanana na zile za utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, juu ya kibofu, katika utumbo. Huko ugenini hufuata amri ya homoni zile zile. Huvimba na kuvuja, na kwa kuwa damu yake haina mlango wa kutokea, hapo hufanyika uvimbe na makovu, na viungo vilivyoumbwa mbalimbali hugandamana. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wanawake na wasichana kiasi cha milioni 190 wanayo, yaani karibu mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Shirika hilo hilo lasema kwamba kuyatambua huchukua miaka 4 hadi 12.

Miaka 12 ni umri wa mtoto tangu kuzaliwa hata kukaribia kuvunja ungo. Muda huo hupotea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuambiwa: mama yako alivumilia, bibi yako alivumilia, nawe vumilia. Msichana aliyefunzwa kuficha kitambaa amefunzwa pia, pasipo mwalimu wake kukusudia, kuficha kiasi cha damu na kiasi cha maumivu, na hayo mawili ndiyo ambayo tabibu angependa kuyajua kwanza. Sababu ya pili ni kisu. Kwa miongo mingi njia iliyoaminiwa ya kuthibitisha maradhi haya ilikuwa kumlaza mgonjwa usingizi wa dawa, kumtoboa tumboni, na kupitisha bomba jembamba lenye taa ili daktari atazame kwa macho yake. Siku hizi picha za mawimbi ya sauti na za sumaku zasaidia, lakini vidonda vidogo huzikwepa, na wanawake wengi bado hawana ushahidi mpaka wapasuliwe.

Ajabu ni kwamba mwili wenyewe hutoa kila mwezi, bila kisu, sehemu ya utando ule ule unaotuhumiwa. Nao ulituhumiwa zamani. John Sampson, tabibu wa Albany katika jimbo la New York, aliandika mwaka 1921 juu ya mifuko ya ovari iliyojaa damu nzee yenye rangi ya chokoleti. Mwaka 1927 akatoa rai kwamba damu ya hedhi haitoki yote nje. Nyingine hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, ikamwaga tumboni chembe hai, nazo zikaota kama mbegu. Rai hiyo haielezi kila kitu, maana vidonda vya namna hii vimepata kuonekana hata katika kifua. Tena uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba damu hurudi tumboni kwa wanawake kiasi cha tisa katika kumi ambao mirija yao iko wazi. Ikiwa mvua yawanyeshea karibu wote, kwa nini mmoja tu ndiye aotaye magugu? Swali hili laweza kujibiwa kwa kuuchunguza udongo, na laweza kujibiwa kwa kuichunguza mbegu. Mbegu ilikuwa ikitupwa.

Haikutupwa kwa sababu ya uzembe tu. Pliny wa Roma aliandika kwamba mwanamke aliye mwezini akiukaribia mvinyo mpya, huchachuka, na mtu aweza kumcheka kwa kuwa ni wa kale. Si rahisi kumcheka Béla Schick, tabibu wa Vienna aliyejipatia heshima ya haki kwa kipimo chake cha dondakoo. Mwaka 1920 mtu huyu alieleza jinsi maua yalivyonyauka baada ya kushikwa na mtumishi wa kike aliyekuwa katika siku zake, naye akahukumu kwamba katika hedhi mna sumu. Mwenye kiasi angeuliza kwanza maua yalichumwa lini. Badala yake, sumu hiyo ilipewa jina la kitaalamu, ikatafutwa na wasomi kwa miaka mingi, wala haikuthibitika. Basi hedhi ilipofika maabara ilifika kama mshitakiwa wa uchawi; haikuulizwa ilichokiona.

Ilipoulizwa, ilisema mengi. Mwaka 2012 watafiti walihesabu protini 1,061 katika damu ya hedhi, na katika hizo, 385 hawakuziona katika damu ya mshipa wala katika majimaji ya uke. Kwa hiyo haifai kuidhani kuwa ni damu ya kawaida iliyopotea njia. Ni mchanganyiko wa damu, vipande vya utando, chembe za kinga, na majimaji yenye habari za chumba ilimotoka.

Mwaka uliofuata, 2013, Christine Metz na Peter Gregersen wa taasisi ya utafiti ya Feinstein, huko Manhasset, New York, walianzisha uchunguzi wa endometriosisi kwa njia hii. Mwanamke hutumia kikombe cha hedhi kwa saa chache katika siku ya damu nyingi. Yaliyomo hutiwa katika chombo, yakawekwa katika ubaridi, yakatumwa upesi maabara. Mtu angetazamia kwamba aibu ingewazuia wanawake. Haikuwazuia. Aliyeambiwa kwa miaka kumi kwamba maumivu yake ni ya kufikiria, akiletewa chombo na kuombwa ushahidi, haoni haya ya kuujaza.

Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 mna jambo la kutulia nalo. Kila mwezi chembe fulani za utando hujigeuza zikawa tayari kupokea mimba, kama mwenyeji atandikaye kitanda kabla ya kujua kama mgeni atakuja. Chembe zilizotoka katika hedhi ya wagonjwa, zilipopewa amri hiyo katika maabara, ziliitika kwa udhaifu kuliko zile za wanawake wazima. Tena chembe za kinga za mji wa mimba, ambazo watabibu huziita chembe wauaji, zilikuwa chache kwa wagonjwa. Mwaka 2022 kundi hilo lilichungulia chembe moja moja, likaona kwa wagonjwa upungufu katika chembe wauaji hao na dalili za uvimbe wa ndani. Waliochunguzwa walikuwa wachache, na kutoka tofauti ya maabara hadi kipimo cha zahanati ni safari. Anayewaahidi wagonjwa kwamba kisu kimekwisha kazi anawadanganya. Lakini angalau mbegu imetazamwa.

Limebaki jambo dogo la lugha. Watafiti hao wa New York, waliovunja mwiko, huita kitu wanachokichunguza kwa neno la Kiingereza litumikalo pia kwa maji taka ya viwandani. Hawakukusudia kutusi; lugha iliwatangulia. Mfasiri atakayeleta matokeo yao katika Kiswahili hana haja ya kufuata mfano huo, kwa kuwa hedhi ni neno safi nalo latosha. Kazi yake ngumu iko katika neno chango, alifungue, atenge yaliyomo, ili binti aendapo kwa tabibu aweze kusema ni lipi katika hayo limpatalo, na kwa mwezi wa ngapi sasa.