Darasa la Nyuma ya Duka

Binti wa kaka yangu anaishi Kahama na kila jioni hufundisha Kiingereza kwa simu. Wanafunzi wake wengi ni watu wa makamo waliohamia Katoro, Masumbwe na Geita mjini kufuata dhahabu. Majuzi aliniambia, "Shangazi, zamani mtu akishakuwa mzima, basi, kusoma kumempita." Kauli hiyo iliniuma, kwa sababu mimi nimelelewa kando ya darasa la wazee.

Lilikuwa nyuma ya duka, kijijini kwetu karibu na Nyarugusu. Geita ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Mwanza, na mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulikuwa umeingia Kanda ya Ziwa tangu 1968. Vitabu vyake vilimfundisha mkulima kusoma kwa habari za pamba yake, na mvuvi kwa habari za samaki wake.

Mwenye duka naye alikuwa mhamiaji. Alitoka Kwimba kutafuta ardhi ya pamba, akaishia kuuza chumvi, viberiti na sabuni ya mche. Madeni ya wateja aliyachora ukutani kwa mkaa. Karabai ya darasa ilikuwa yake. Aliipiga pampu mwenyewe, na hadi leo nikinusa mafuta ya taa yakichanganyika na tumbaku namwona ameinama juu ya ubao wake. Akina mama walikuja na watoto mgongoni, wakaamkiana "mwadila", wakaketi. Mtu asipoonekana jioni mbili, asubuhi mwalimu alikuwa mlangoni kwake kuuliza kulikoni.

Mwenye duka alipojua kusoma, ukuta ulipakwa chokaa na madeni yakahamia daftarini. Kisha akataka Kiingereza, maana makopo ya dawa ya pamba yalikuja na maandishi ya lugha hiyo na yeye ndiye aliyeulizwa. Mafunzo ya serikali kwa njia ya posta yalikuwa yameanza 1972, akajiandikisha. Bahasha ilirudi baada ya wiki nyingi, majibu yamesahihishwa kwa wino mwekundu. Aliniita nimsomee kwa sauti. "Rudia, mayu," yaani mama, alisema, hata mara kumi, na hakuona haya mbele ya wateja.

Kisha mambo yakaharibika. Vitabu viliadimika, posho za walimu zikakatika, duka likafungwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001. Geita ikawa mkoa 2012. Kiingereza kikaja na mikataba, mabango ya usalama na Sheria ya Madini, wakati darasa halipo tena.

Ndiyo maana kazi ya binti yetu naiheshimu. Mama anayeponda mawe mchana kutwa anasikiliza somo usiku, akilirudia apendavyo. Ila linaniudhi jambo moja: masomo mengi yanayouzwa kwenye simu humfundisha mama huyo kuagiza chakula hotelini na kuulizia ndege, ilhali yeye anataka kusoma onyo kwenye chupa ya zebaki na karatasi anayopewa na mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, atie dole gumba. Bando likiisha, anapotea kwenye kundi la somo, na hakuna anayebisha hodi kwake.

Madarasa kama lile la nyuma ya duka yalizaa matunda. Kitaifa, watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1986 serikali ilitaja takriban asilimia 10. Kushuka huko hakukuwa kazi ya vifaa. Ilikuwa kazi ya mwalimu aliyejulikana kijijini, na kitabu kilichoanza na kazi ya msomaji.

Halmashauri zetu zinapokea ushuru wa huduma kutoka migodini, pamoja na fedha ambazo kampuni zinawajibika kuzitumia kwa jamii. Madiwani wa Geita, Kahama na Msalala, tengeni fungu la mwalimu mmoja wa watu wazima kwa kila kata yenye machimbo, mpeni na simu yenye bando. Wanafunzi wapo.