Kikapu cha Mke wa Askari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mke wa koplo mmoja wa polisi, mkaazi wa Kwapa katika Wilaya ya Tororo, ameishika methali hiyo kwa mikono miwili. Kila aendapo sokoni Busia, daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa chache hulala ndani ya kikapu chake, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni.

Asubuhi moja ya mwisho wa Januari, shule zikiwa karibu kufunguliwa, daftari hilo lilikuwa na mistari saba: sare za watoto watatu, madaftari, sabuni ya mche, mafuta ya kupikia, chumvi, blanketi moja, na sehemu ya ada iliyopungua. Mumewe yuko katika kituo cha mbali, magharibi mwa nchi. Sehemu ya mshahara ilikwisha kuletwa kwa simu. Iliyosalia ilipaswa kutoka katika karanga, madebe mawili aliyoyalima mwenyewe na kuyamenya usiku pamoja na mavyaa yake.

“Mwanangu,” mavyaa alimwambia alipokuwa akimtwisha mzigo, “usikimbilie duka la kwanza. Mwenye duka la mlangoni hula haraka ya mgeni.”

“Nimesikia, mama.”

Bibi huyo anajua asemalo. Aliolewa Kwapa mwaka 1974, miaka miwili baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 wahame Uganda. Maduka ya Tororo aliyoyafahamu tangu utotoni yaligawiwa watu wengine, na baadhi yao hawakujua hata bei ya bidhaa walizozikuta rafuni. Bidhaa zilipokwisha, hazikurudi. Sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kupangia foleni, au vya kunong’onezwa. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na watu wakaanza kubeba kahawa ya Uganda usiku hadi soko la Chepkube, ng’ambo ya mpaka upande wa Bungoma. Walioondoka na kahawa walirudi na sabuni na chumvi. Wengine, asema bibi, hawakurudi. Neno magendo halimchekeshi.

Mpaka wenyewe una historia yake. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wa siku zile na kuutia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso wakajikuta wako pande zote mbili, na mtu akawa mgeni kwa mjomba wake. Ndiyo maana Busia ni mbili, moja ya Uganda na nyingine ya Kenya, zenye jina moja na shughuli zilizoshikana. Huko mpakani ndiko lilikozaliwa jina la boda boda, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo kimoja hadi cha pili. Tangu mwaka 2018 pana kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Mama huyo alionyesha kitambulisho chake, akavuka na karanga zake. Mnunuzi wa kwanza alitoa debe lake mwenyewe, lililotanuliwa kiuno kwa nyundo, akataka lijazwe hata kilele kisimame juu ya ukingo. Hiyo ni lumbesa, na ni mkulima anayeilipia. Mama alitabasamu, akafunga gunia lake. Biashara haigombi. Mnunuzi wa nne alikuwa na mizani. Walipatana bei kwa kilo, na fedha za Kenya alizopewa akazihesabu mara mbili kabla ya kuzikunja.

Alinunua sabuni, chumvi na mafuta, akaandika. Ndipo mwenye duka, mtu mcheshi mwenye sauti ya upole, aliposogeza kiti.

“Mama, nasikia mumeo ni afande.”

“Ni askari, ndiyo.”

“Basi Mungu amekuletea riziki. Nina katoni ishirini za mafuta. Kijana wangu atazipitisha kwa baiskeli, njia ya panya, jioni hii. Wewe utatembea mbele yake tu. Wakikusimamisha, wataje jina la mzee. Nani atamgusa mke wa afande? Nitakupa fedha ya kutosha ada ya mtoto.”

Mama alilitazama daftari. Mstari wa saba ulikuwa bado mtupu. Hakuna msomaji wa kambini asiyejua uzito wa mstari ule: mtoto kurudishwa nyumbani mbele ya wenzake, na baba yuko mbali asiweze hata kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu.

Lakini alifikiri pia kile alichokuwa akiombwa kukiuza. Hayakuwa mafuta. Mafuta yalikuwa ya mwenye duka. Bidhaa ya mama katika biashara ile ilikuwa jina la mumewe, lililopatikana kwa miaka kumi na minne ya kulinda malango usiku, nalo lingeuzwa kwa jioni moja. Tena, mwenye kuliuza mara moja huja kudaiwa kila wiki.

“Shikamoo yako nimeipokea,” alisema kwa utani, akainuka. “Njia ya panya niachie panya.”

Alirudi kwa njia kuu. Leo mfanyabiashara mdogo hana sababu kubwa ya kujificha. Bidhaa zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake isizidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha asili hapo hapo mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Mama alionyesha alichonunua, akajibu alichoulizwa, akapita.

Upande wa Uganda alitafuta kitambaa cha sare. Hapa ndipo mke wa nyumba huonekana ustadi wake. Alikishika kitambaa mbele ya mwanga kuona ufumaji wake. Alikisugua kwa vidole, kwani uwanga mwingi hukifanya kitambaa chepesi kionekane kizito. Alilowanisha pembe ya leso, akaibonyeza juu ya kitambaa kuona kama rangi inachuja. Alimwomba muuzaji akilaze mezani wakati wa kupima, maana kinachopimwa kikiwa kimevutwa hufika nyumbani kifupi. Kisha akaongeza shibiri moja, kwa sababu pamba huruka inapolowekwa mara ya kwanza.

Muuzaji alitaja bei, mama akataja nusu. Akaondoka hatua sita, akaitwa. Hivyo ndivyo ilivyo hata Mumbai, katika soko la vitambaa la Mangaldas: mnunuzi hugusa, hushangaa, huondoka, huitwa. Si ajabu. Afrika Mashariki na India zimefanya biashara kwa karne nyingi, na maneno yenyewe ni ushahidi. Pesa, laki na rupia yametoka huko, na duka pia limetufikia kwa njia hiyo hiyo. Rupia ilikuwa fedha halali hapa kwetu mpaka ilipoondolewa kuanzia mwaka 1920.

Fedha ilitosha kitambaa cha sare mbili, si tatu. Mama alisimama kitambo mbele ya mablanketi, akapapasa moja la rangi ya udongo, akalirudisha. Fedha ya blanketi ikahamia mstari wa saba. Hata hivyo ada haikutimia, bali ilikaribia kiasi cha kuweza kuzungumza na mwalimu mkuu bila kuinamisha kichwa.

Usiku mumewe alipiga simu. Alimsimulia yote, pamoja na habari za katoni ishirini. Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda.

“Ulimjibu nini?”

“Nilimwambia njia ya panya aniachie panya.”

Koplo alicheka, kisha sauti ikashuka. “Na blanketi?”

“Litangoja mwezi ujao.”

“Basi ninyi mtalala na baridi kwa ajili yangu.”

“Nawe unakesha nayo kwa ajili yetu, baba watoto.”

Kando ya taa mavyaa alikuwa amekwisha kuichukua sare kuukuu ya kaka mtu. Aliigeuza ndani nje, akafumua upindo, akaipima kwa shibiri juu ya mgongo wa mjukuu mdogo aliyekuwa amesinzia. Ilimtosha. Mama alifungua daftari, akaandika mbele ya sare ya tatu: imepatikana nyumbani.