Usiku wa Barton Hall: Nani Aliyeuhifadhi?

Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba wimbo hauishi karatasini. Huishi katika kinywa cha fanani na katika masikio ya hadhira yake, na fanani huyo huyo akiuimba tena kesho hatauimba vile vile. Hayo ni kweli. Lakini vitabu vya kiada hutupatia matini moja tu iliyopigwa chapa, na mwanafunzi huondoka akidhani kuwa hiyo moja ndiyo kazi yote. Jambo hili limetushughulisha kwa muda mrefu, na kilichotupa nuru si utenzi wala ngano, bali ni muziki wa mbali: onyesho la bendi ya Kimarekani iitwayo Grateful Dead, lililofanyika tarehe 8 Mei 1977 katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, katika jimbo la New York.

Kwa wasomaji wasioijua, bendi hiyo iliundwa California mwaka 1965. Usiku huo Jerry Garcia na Bob Weir walipiga magitaa, Phil Lesh alipiga besi, Keith Godchaux piano, mkewe Donna Jean aliimba, na Bill Kreutzmann na Mickey Hart walikuwa kwenye ngoma. Sifa yao kubwa ilikuwa kwamba hawakupiga wimbo kama ulivyo katika sahani. Waliuchukua kama kiunzi, wakaufungua katikati, wakaingia humo kila mmoja akimsikiliza mwenzake, na hakuna aliyejua kwa yakini wangetokea wapi. Kabla ya Garcia kufariki tarehe 9 Agosti 1995 walikuwa wamefanya maonyesho zaidi ya 2,300, na hakuna mawili yaliyofanana. Mwalimu wa fasihi simulizi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hayo ndiyo tuyaitayo ubunaji wa papo kwa papo.

Sisi tuliusikia usiku huo kwanza katika kaseti iliyokuwa nakala ya nakala, yenye mvumo kama wa mvua juu ya bati. Hata hivyo, jambo moja lilipenya mvumo ule. Katika sehemu ya pili ya onyesho, wimbo wa “Scarlet Begonias” unafikia mwisho wa maneno yake lakini haukomi. Magitaa yanaendelea kuzunguka, besi inaanza kubadili mwendo kidogo kidogo, ngoma zinaifuata, na kabla msikilizaji hajatambua, amekwisha kuingia katika wimbo mwingine, “Fire on the Mountain”. Nyimbo hizo mbili huchukua kiasi cha dakika 25 kwa pamoja. Tumejaribu mara nyingi kuweka kidole mahali ambapo wa kwanza unakwisha na wa pili unaanza, na kila mara kidole kimetua mahali tofauti. Ni vizuri kukumbuka kwamba wimbo huo wa pili ulikuwa mchanga: bendi ilianza kuupiga hadharani mwezi Machi mwaka ule ule.

Baadaye huja “Morning Dew”, wimbo wa Bonnie Dobson wa Kanada, unaohusu watu waliobaki duniani baada ya vita vya nyuklia. Garcia anauanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kisha, maneno yakiisha, gitaa linapanda ngazi kwa ngazi hadi nyuzi zinapopigwa kwa kasi isiyohesabika. Hatujawahi kuusikiliza mwisho ule huku tukifanya kazi nyingine.

Na katika kanda hiyo hiyo hadhira nayo imo. Wanamuziki wanasikika wakiwasihi watu warudi nyuma hatua moja, maana wale wa mbele wanabanwa. Maneno hayo si sehemu ya wimbo wowote, lakini yanatukumbusha kwamba kulikuwa na miili, joto na msongamano. Kwamba nje ya ukumbi ule, uliojengwa zamani kwa mazoezi ya kijeshi, kulikuwa na baridi kali, na theluji ikaanguka ingawa ni mwezi Mei.

Sasa tuulize: sauti hizi zilitufikiaje? Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Aliyezinasa ni mwanamke, Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti wa bendi. Kanda zake zinasifiwa kwa uwazi wake: kila chombo kina mahali pake, na hakuna kinachomeza kingine. Lakini mwaka 1986, baada ya kushindwa kulipia ghala alimohifadhi mali yake, kanda zake zilipigwa mnada pamoja na vitu vingine. Wanunuzi walizichukua, baadhi ya mashabiki wakazipata na kuzinakili, nakala zikazaa nakala. Bendi yenyewe haikuwazuia wasikilizaji kurekodi maonyesho yake, na tangu mwaka 1984 ilikuwa imewatengea wenye vinasa sauti sehemu yao ukumbini, kwa hiyo njia za kubadilishana kanda zilikuwa tayari. Ndivyo usiku wa Cornell ulivyoenea. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba rekodi hiyo imeingizwa katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Toleo rasmi la kuuzwa lilitoka Mei 2017, miaka 40 baada ya onyesho lenyewe.

Tuliposikiliza toleo hilo safi, lisilo na mvumo, tulifurahi, lakini swali likazaliwa. Toleo hilo lilitoka pia katika mkusanyo mmoja na maonyesho mengine ya juma lile: New Haven tarehe 5, Boston tarehe 7 na Buffalo tarehe 9. Tukiyasikiliza kwa mfululizo, tunakuta bendi ile ile, ari ile ile, na mara nyingine uzuri usiopungua ule wa Cornell. Basi kwa nini usiku mmoja tu ndio uliotawazwa? Jibu letu ni kwamba umaarufu wake ni kazi ya wapigaji pamoja na kazi ya mkono ulionasa na mikono iliyonakili. Hadhira haikuupokea tu usiku ule. Iliuchagua, ikaulea, ikaukuza.

Jambo hili si geni kwetu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikaa vinywani mwa watu miaka mingi baada ya kifo chake. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika akishirikiana na William Taylor, na mwaka 1940 Hichens akayatoa kitabuni. Tunamsifu Muyaka, na ni haki yake. Lakini ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina la Mwalimu Sikujua? Mtunzi hutunga, na mtunzaji hutunza. Lugha yetu imeyaweka maneno kutunga na kutunza karibu sana, herufi moja tu ikiyatenga.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu mambo mawili. Kwanza, mkitaka kufundisha utendaji, msilete mfano mmoja. Leteni wimbo ule ule ulioimbwa mara mbili, wa harusi hii na wa harusi ile, na wanafunzi watafute wenyewe kilichobadilika na sababu yake. Pili, kila mnaporekodi au kuandika kazi ya fanani, andikeni tarehe, mahali, jina lake akiridhia, na jina la aliyeinasa. Betty Cantor-Jackson alisikiliza kwa makini usiku ambao wengine walikuwa wakicheza, kisha akaona kazi yake ikiuzwa kwa mnada kufidia kodi ya ghala. Wasikilizaji wanaoufurahia usiku ule leo wana deni kwake, na deni la namna hiyo tunalo sisi pia, kwa watu wetu ambao hatujawaandika.