Tarehe 1 Machi 1993

Mama wa usafi alipewa barua ya onyo siku ya Alhamisi. Mimi nilikuwa meza ya pili, nikimsikia akiisoma kwa sauti ya chini. Kosa lake, kwa mujibu wa barua, lilikuwa kuchomoa waya wa swichi anapofagia.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili huku nikifanya kazi ya muda katika ofisi ya TEHAMA ya chuo kimoja Dar es Salaam. Kila jioni mtandao wa jengo moja ulikatika dakika chache, kisha ukarudi wenyewe. Asubuhi wanafunzi walileta malalamiko, nami nikafanya kile ambacho mafundi wengi hukifanya kabla ya kufikiri: nilizima swichi, nikaiwasha. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jioni mtandao ulikatika tena.

Sikujiuliza nilikuwa nafuta nini. Swichi ile ya Cisco iliandika matukio yake, ambayo sisi huyaita logi, katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, yote yanapotea. Kila nilipoizima, nilifuta ushahidi wa usiku uliotangulia.

Asubuhi iliyofuata barua, sikuizima. Niliunganisha kompyuta, nikaandika show logging.

Mistari ilianza na kinyota, kisha tarehe 1 Machi. Mwaka, kwa swichi ile, ulikuwa 1993. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kinyota kinamaanisha kuwa swichi yenyewe haina uhakika na saa yake. Hatukuwa tumeiunganisha na seva ya saa, hivyo kila ilipowaka ilianza kuhesabu upya kutoka tarehe hiyo.

Kila ujumbe una namba ya uzito, kuanzia 0 hadi 7, na namba inavyopungua ndivyo hatari inavyozidi. 0 ni dharura. Nilikuwa nimezoea kukimbilia namba ndogo, na za 3 zilikuwa nyingi: LINK-3-UPDOWN, poti hii imeanguka, poti ile imeamka. Lakini hizo huandikwa hata mtu akizima tu kompyuta yake. Ujumbe wenye maana ulikuwa wa 5, daraja la taarifa ya kawaida: SYS-5-RESTART. Swichi ilikuwa imewaka upya.

Tarehe haikuaminika, ila muda uliopita tangu iwake uliaminika. Amri ya show version ilionyesha saa 13 na dakika 20, na kwamba ilikuwa imepoteza umeme. Wakati huo ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Nilihesabu kurudi nyuma, nikafika saa moja jioni.

Mama wa usafi hutoka kazini saa kumi.

Jioni hiyo nilibaki. Saa moja taa za ulinzi ziliwashwa, umeme ukayumba kidogo, UPS ikalia mara moja, swichi ikazimika. Betri ya UPS ilikuwa imekufa. Kuikagua ilikuwa kazi ya ofisi yetu, na kwenye orodha ya ukaguzi tiki ya mwisho ilikuwa yangu. Niliiweka bila kuijaribu betri.

Nilimweleza mkuu wangu, na barua ikafutwa bila maneno mengi. Tulibadilisha betri. Niliiunganisha swichi na seva ya saa, na logi zake nikazielekeza kwenye kompyuta nyingine ili zisipotee tena. Kisha nikamtafuta Mama.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nilimweleza yote, pamoja na ile tiki, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo.

“Hiyo mashine ilikuwa inaandika siku zote hizo?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na wewe unajua kuisoma?”

“Ndiyo.”

Akainama, akachukua ufagio wake, akaendelea na kazi.